Mstari wa Chini

Jumatatu, 4 Machi 1996

Naanza daftari hili nikiwa na hasira, na naandika kwa Kiswahili makusudi. Leo darasani nilimuuliza Mwalimu Muia kama kazi ya muhula huu tunaweza kuiandika kwa Kiswahili. Akacheka mpaka miwani ikateremka puani. "Rachael Shivachi," akasema, "kompyuta haijui Kiswahili." Darasa zima likaangua kicheko. Sawa. Na hiyo kompyuta yenyewe inanijua mimi? Chuo chetu ni chumba kimoja juu ya duka la viatu hapa Kawangware, stage ya 46, na kompyuta ni moja, iko pale mbele imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Sisi tunajifunza kupiga chapa kwenye kibodi tulizochora kwa kalamu juu ya katoni za sabuni. Vidole vyangu vinajua kila herufi inapokaa, lakini hakuna hata moja niliyowahi kuiona ikitokea kwenye skrini.

Basi somo la leo ni hili, kwa lugha ambayo kompyuta haiijui. Habari ghafi ni kitu ulichokiona ama ulichokihesabu tu. Ukiipanga mpaka mtu akaweza kuamua jambo kwa hiyo, imekuwa taarifa. Na mfumo wa taarifa una kinachoingia, kinachofanyiwa kazi, kinachotoka, na mrejesho, yaani lile jibu linalorudi kukwambia kama ulichoamua kilifaa au kiliharibu. Nimeandika yote na hakuna kitu kimelipuka.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imefika. Paa la chuo linavuja. Katoni yangu imelowa na herufi za mstari wa kati zimefutika.

Jumatatu, 11 Machi

Mwalimu amegawa kazi ya muhula: kila mmoja atafute biashara, achunguze jinsi habari zinavyotembea ndani yake, achore mfumo. Kevin, ambaye hutembea kutoka mtaa wa Raila kule Kibera kila asubuhi na kuingia darasani na matope hadi magotini, amechagua saluni. Ati anapenda utafiti.

Mimi Mwalimu aliniita pembeni. Kuna Bwana Chege, mwenye hardware, duka kubwa la vifaa vya ujenzi, pale stage ya 56 na ploti za kupangisha kila upande. Anafungua ofisi ya kuandikisha mafundi: waashi, maseremala, watu wa mabomba. Anataka mfumo. "Baba yako si fundi wa mawe? Wewe unawajua hawa watu. Ukifanya vizuri umepita mtihani, na kazi ya kuendesha kompyuta ya hiyo ofisi ni yako."

Kwetu hakuna mtu amewahi kulipwa akiwa amekaa kwenye kiti. Baba anajenga akiwa amesimama, mama yuko Kakamega analima akiwa ameinama. Nilimwambia Kevin, akanipigia saluti. "Manze Rachael, usije ukatusahau. Maskini akipata, matako hulia mbwata." Nikampiga na katoni.

Alhamisi, 14 Machi

Ukitafuta fundi Kawangware unaenda kwa Mama Adhis. Jina lake ni Adero, Adhis ni binti yake aliyeolewa Kisumu, lakini ukiuliza Adero pale stage ya 56 watu watakukodolea macho. Ana kibanda cha chai na mandazi, na ukuta wake wa ndani, wa mbao, umejaa misumari. Kila fundi ana kikombe chake cha bati pale. Cha baba ni cheupe chenye ukingo wa buluu. Nimekunywa chai hapo tangu ni mtoto na sikuwahi kujiuliza ule ukuta ni wa nini. Leo nilikaa nikautazama kimwanafunzi.

Kuna misumari ya juu na ya chini. Mstari wa juu ni wa wanaongoja kazi, na kikombe kilicho karibu na mlango ndicho kinachofuata. Mtu akipata kazi, kikombe chake kinashuka mstari wa chini. Jioni akirudi anakunywa chai yake, anasuuza, anakitundika juu, mwisho wa foleni. Kikombe kilichogeuzwa mdomo ukutani maana yake mwenyewe yuko lakini usimwite: anaumwa, ana matanga, ama amelewa. Anayetaka mwashi anauliza, "Mama, nani anafuata?" Mama Adhis anaangalia ukuta. Hawaangalii watu hata kidogo, na watu wenyewe wamejaa pale wanameza mate.

Nilimuuliza kama ukuta hukosea. "Mdomo ndio hukosea," akasema. "Asubuhi mtu akishasimama hapo mlangoni, ukuta haushikwi. Hata na mimi."

Haiya! Kinachoingia, kinachotoka, kila kitu kiko. Nilirudi nyumbani mbio kuchora.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Mchoro wangu haupendezi. Vikombe vimechanganyika ovyo, mwashi, seremala, mwashi, bomba.

Jumanne, 19 Machi

Leo mchana Mama Adhis alikwenda kutafuta maji, akaniambia nimwangalizie kibanda. Matope ya barabarani yalikuwa yamerukia ukuta mzima na vikombe vyote vina madoadoa. Sasa jamani, msichana aliyelelewa vizuri anaona kikombe kichafu akakiacha? Mama yangu angenikana. Nikateremsha vyote, nikavisugua na majivu mpaka vikang'aa. Na kwa vile Mwalimu ametufundisha kupanga vitu kwa aina, nikavirudisha kwa mpango: waashi pamoja, maseremala pamoja, watu wa mabomba pamoja, vyote mstari wa juu, vyote vimeangalia nje. Ulipendeza! Nikachora mchoro safi kabisa.

Mama Adhis alirudi na mtungi, akatazama ukuta, akakaa chini juu ya gunia la makaa.

"Nyathina," akasema. Kwao ni kusema mwanangu. "Umeosha vikombe?"

"Ndiyo, Mama."

"Umeosha na kichwa changu."

Jumatano, 20 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Jana jioni mvua iliwatawanya mafundi kabla Mama Adhis hajaupanga ukuta upya. Asubuhi alikuja mtu anatafuta mwashi mmoja wa kazi ndefu. "Mama, nani anafuata?" Kikombe kilichokuwa mlangoni kilikuwa cha Oketch, kwa sababu mimi ndiye nilikitundika pale, nikifuata ukubwa. Oketch akainuka. Jeconia naye akainuka. Jeconia ni rafiki wa baba, tunamwita Baba Marvin, anakaa Raila na hutembea kutoka Kibera hadi huku kila siku kwa ajili ya huu ukuta. Alikuwa amengoja zamu tangu wiki iliyopita, na jana kikombe chake cha kijani chenye mkono uliovunjika kilikuwa cha kwanza.

"Ni zamu yangu," Jeconia akasema.

"Angalia ukuta," Oketch akasema.

"Ukuta umeshikwa! Huyu mtoto wa Shivachi ameuosha."

"Sikuwepo ukioshwa. Mimi naona ukuta."

Na hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo linaniuma. Wote wamefundishwa hapo hapo kwamba ukuta unashinda mdomo wa mtu. Wakamgeukia Mama Adhis. Alisema, "Najua ni Jeconia." Lakini mteja alikuwa amesimama mlangoni, na asubuhi ukuta haushikwi, na sheria hiyo ni yake mwenyewe. Angeivunja leo kwa ajili ya haki, kesho mtu angemwambia aivunje kwa ajili ya undugu. Oketch akashusha kikombe chake, akaenda.

Jeconia akachukua kikombe chake. Alinitazama, hakunitukana. Heri angenitukana. Alitoka kwenye mvua na kikombe mkononi, na baba alimwita mara nyingi asigeuke.

Jioni baba aliniambia maneno machache: "Kuanzia kesho, kabla ya darasa, unaosha vyombo kwa Mama Adhis. Vyombo. Si vikombe." Nilitaka kubisha. Badala yake nikaenda kutafuta majivu.

Alhamisi, 21 Machi

Jana walipofunga Mama Adhis aliwaita mafundi wote, akapanga ukuta upya kutoka kichwani, kila mmoja akikubali nafasi yake mbele ya wenzake. Jeconia hakuwepo. Wanasema ameandikishwa na msimamizi wa Chege, ambaye ameanza kuchukua watu hata kabla ofisi haijafunguliwa.

Jumatatu, 25 Machi

Mwalimu Muia ameusifu mchoro wangu mbele ya darasa. Halafu akanipeleka kwa Bwana Chege. Nilikalishwa, nikaletewa soda. Ni mtu mchangamfu, anacheka kwa tumbo lote. Ndipo nilipojua hata ile kompyuta ya chuo ni mali yake.

"Majina ninayo," akasema. "Msimamizi wangu ameyaandika. Mimi nataka kitu cha maana. Kati ya hawa, nani ana shida sasa hivi? Nani ana mgonjwa, nani anadaiwa nyumba? Wewe uko ndani, utajua. Mwenye shida habishani bei."

Mwalimu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilitabasamu nikanywa soda. Nilidhani anatania.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Vyombo. Mikono imebabuka kwa majivu.

Jumanne, 2 Aprili

Karibu wiki mbili naosha vyombo na naona jambo ambalo sikuliona nikichora. Jioni wakishaondoka, Mama Adhis anashika ukuta. Anatoa kikombe huku nyuma anakisogeza mbele kidogo, au anakipeleka kabisa mlangoni. Kesho yake hakuna anayeuliza.

Leo niliuliza mimi. "Mama, si umesema ni foleni?"

"Ni foleni. Lakini huyu mke wake anaingia kujifungua wiki hii. Angoje foleni, mtoto naye angoje?" Akanionyesha kingine, akanieleza. Na kingine. Sitayaandika hapa. Daftari linaweza kuanguka mikononi mwa mtu, na mambo ya nyumba za watu si ya kuchorwa. Halafu akagusa kile cheupe chenye ukingo wa buluu.

"Hiki nilikileta mlangoni mwezi wa kwanza."

"Kwa nini?"

"Si ulikuwa unaingia chuo?"

Basi karo yangu ilitoka hapo. Yupo mtu aliyekuwa mbele ya baba, akarudishwa nyuma ili mimi nikae juu ya duka la viatu nikipapasa katoni, na mtu huyo hakusema neno. Nilisugua sufuria moja mpaka ikawa kama mpya. Nililia pia, na sioni haya kusema.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeshindwa kusoma. Kila ninachotakiwa na Chege sasa ninacho kichwani. Nani ana mgonjwa, nani anadaiwa. Nikikisema, nimepita na nina kazi ya kiti. Nisiposema, nimeanguka na nina majivu. Kevin anasema nimpe majina ya uongo. Lakini uongo nao utampata mtu fulani, si hewa.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Kanisani mhubiri alishindana na mvua juu ya mabati. Mvua ilishinda.

Jumatano, 10 Aprili

Kila jioni kabla ya kufunga Mama Adhis anaangalia mstari wa chini. Ukiwa na kikombe hata kimoja hafungi. Anamtuma mtu akaulize: fulani alikuwa anajenga wapi, amerudi? "Sifungi mtu nje," ndivyo anavyosema. Mimi nilipochora nilidhani mstari wa chini ni wa kuonyesha nani ameajiriwa. Pumbavu mimi. Ni wa kuulizia watu.

Na kila jioni anashika msumari mmoja wa chini ambao hauna kitu. Leo Oketch akamwambia, "Mama, Jeconia aliondoka na kikombe chake. Si wetu tena."

"Amerudi?"

"Hajarudi. Na kule kwa Chege, nasikia, hajaonekana wiki hii."

"Basi yuko chini." Akanigeukia. "Rachael, yule rafiki yako wa Raila anaijua njia ya kule kwao. Kesho nendeni mkamwangalie."

Alhamisi, 11 Aprili

Tulitoka mimi na Kevin mapema, kwa miguu, mvua ikitupiga usoni. Raila njia zimekuwa mito. Kevin anaruka jiwe hadi jiwe huku akisalimia kila mtu, "Niaje, mathe! Sasa, buda!", nami nyuma naanguka kila baada ya nyumba.

Tulibisha. Sauti ikasema tusukume mlango. Jeconia alikuwa kitandani na mguu umevimba kuliko mto aliouegemea. Mkewe na Marvin wamekwenda nyumbani kupanda mahindi, mvua ndiyo hii. Alikuwa peke yake tangu Jumatatu, jirani mmoja anamletea uji akikumbuka.

"Ni mtaro wa msingi," akasema. "Udongo umelowa, nikawaambia kuta hazitasimama bila mbao. Wakaniambia niingie ama nitoke. Nikaingia. Ukaniangukia."

"Na msimamizi?"

"Alinipa nauli, akasema nipumzike. Vijana walinifikisha hapa. Kesho yake, nasikia, walisoma majina. Langu likasomwa, kimya, wakaweka mwingine. Basi."

Nilitaka kuomba msamaha. Nikasema tu, "Mama Adhis ametutuma."

Akatutazama kama hajasikia. "Mimi nilichukua kikombe changu."

"Anasema bado uko mstari wa chini, Baba Marvin. Kila jioni anaushika msumari wako."

Mzee mzima alilia. Kevin, anayecheka kwa kila kitu, aligeuka akatazama mlangoni. Halafu Jeconia akapapasa chini ya kitanda, akatoa kile kikombe cha kijani. "Mpelekee. Mwambie akigeuze mdomo ukutani."

Tulikimbia hadi 56. Mama Adhis alikipokea kwa mikono miwili, akakitundika mstari wa juu, mdomo ukutani. Oketch alikuwa ameshasimama. Hakuulizwa. Alikodi mkokoteni kwa mwenye kuni, akachukua baba na wengine wawili, wakaenda Raila na turubai. Walimfikisha hospitali jioni. Mfupa umevunjika, wamemfunga plasta. Oketch alisukuma njia nzima, akakataa kupokezwa.

Sasa naandika na ninachemka. Mrejesho! Huo ndio mrejesho, ile sehemu ambayo mimi niliandika mwisho wa sentensi na kusahau. Chege ana kinachoingia na ana kinachotoka. Watu wanaingia, nyumba zinatoka. Hakuna swali linalorudi.

Jumatatu, 15 Aprili

Ofisi ya Chege imefunguliwa leo. Soda, viti vya kukodi, na darasa letu zima kama wageni wa heshima. Mafundi pia walialikwa, wakaja, baba na Oketch wakiwa na koti zao za Jumapili. Na ukutani, Mungu wangu, Chege amepigilia misumari na kutundika vikombe! Vipya, vyeupe, vyote sawasawa, kila kimoja na nambari. Mchoro wangu huo. Ameuona akadhani siri iko kwenye misumari.

Oketch alivitazama vile vikombe, akauliza kwa sauti ya upole, "Na chai iko wapi?" Watu wakavunjika mbavu. Chege naye alicheka, lakini si kwa tumbo lote.

Kompyuta ya chuo ilikuwa imeletwa kwa siku hiyo, iko juu ya meza, kwa mara ya kwanza bila kitambaa. Mwalimu akaniita mbele nieleze mfumo wangu na kuujaribu. Nilikaa. Vidole vikakuta herufi pale pale zilipokuwa kwenye katoni.

"Kabla ya yote," Chege akasema, "ile orodha tuliyozungumza. Nani ana shida. Ingiza hapo."

"Hiyo sitaingiza," nikasema.

Mwalimu akasogea, akaninong'oneza, "Rachael, usiharibu. Ingiza hata machache."

"Sitaingiza hata moja. Hayo mambo watu walimwambia Mama Adhis ili awasogeze mbele. Hawakumwambia ili muwashushie mshahara."

Niliona baba amenyanyua kichwa. Chege bado alikuwa anatabasamu. "Msichana, biashara ni habari. Si ndivyo unavyofundishwa?"

"Ndivyo. Basi nina swali la habari." Nikapiga chapa. Nilipiga polepole, kwa Kiswahili, herufi moja moja, na kwa mara ya kwanza maishani niliziona zikitokea: JIONI ASIYERUDI ANAULIZIWA NA NANI. Kompyuta iliandika yote. Haikulalamika hata herufi moja. Nikageuza ile skrini iwaelekee.

"Jeconia alikuwa kwenye mtaro wako," nikasema. "Jioni hakurudi. Mfumo wako ulisema nini?"

Akainua mabega. "Kwamba nafasi iko wazi. Na huyo alionywa na msimamizi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Yeye ndiye alimwonya mkuu! Aliwaambia mtaro utaanguka. Mlikuwa na habari mikononi mwenu mkaitupa kwa sababu ilitoka kwa mtu wa chini. Huu si mfumo, Bwana Chege. Ni ukuta wenye misumari."

Mwalimu aliangalia viatu vyake. Kevin, Mungu ambariki, alianza kupiga makofi peke yake, akaacha alipoona ni peke yake, akaanza tena.

Baba akainuka, akafunga vifungo vya koti. Nilijua nimemwaibisha. Akasema, "Rachael, twende. Chai inapoa." Akatangulia kutoka, na Oketch nyuma yake, na mafundi karibu wote, wakiacha soda zimefunguliwa.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeosha vyombo. Mama Adhis aliniwekea mandazi mawili bila kuniangalia.

Jumatatu, 22 Aprili

Matokeo yamebandikwa. Nimeanguka. "Mfumo haukukamilika," ndivyo ilivyoandikwa.

Mwalimu Muia alinifuata kwenye ngazi. Bila miwani anaonekana mtu mwingine, mchovu. "Ningekuwa umri wako," akasema, "pengine ningefanya hivyo hivyo. Lakini kompyuta ni ya Chege, Rachael. Akiichukua, chuo hakipo, na mimi nina watoto." Nilitaka kumchukia kama mwanzo wa muhula, nikashindwa. Naye yuko kwenye mtaro wa mtu.

Lakini nilimwambia: "Agosti narudia mtihani, Mwalimu. Kazi ile ile. Na nitaandika kwa Kiswahili." Hakucheka safari hii.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Mafundi wote wamefanya kazi. Ofisi ya Chege ina watu, tusidanganyane, njaa haina ofisi. Lakini wanaoenda kule hupitia kwanza kwa Mama Adhis, wanashusha vikombe vyao mstari wa chini, ndipo wanaenda. Chege hajui kwamba watu wake wanauliziwa kila jioni.

Alhamisi, 16 Mei

Jua! Matope yamekauka, 56 nzima inanuka vumbi na kila mtu ameanika magodoro.

Asubuhi Oketch alikuja na mkokoteni, na juu yake Jeconia na magongo yake. Tukampisha. Alisimama mbele ya ukuta akakitazama kikombe chake, mdomo ukutani, mwezi mzima sasa.

"Mama, nigeuzie."

"Geuza mwenyewe," Mama Adhis akasema. "Mimi sijui mguu wako."

"Wewe Jeconia, mguu bado," baba akasema.

"Siwezi kupanda kwenye jukwaa. Lakini mawe yanachongwa ukiwa umekaa, au nyinyi mnachonga mkiruka?" Akanyoosha mkono, akakigeuza kikatazama nje.

Haikupita muda akaja mama mmoja anajenga chumba cha kupangisha kule 46, anataka mtu wa kuchonga mawe. "Nani anafuata?" Mama Adhis aliangalia ukuta. Kikombe cha kijani kilikuwa mlangoni kabisa. Nani alikifikisha pale jana jioni, na nani alirudi nyuma, sisemi. Jeconia alikishusha mwenyewe mstari wa chini, akapanda mkokoteni.

Jioni wakarudi, mmoja mmoja, wakanywa, wakasuuza, wakatundika. Jua likazama. Mama Adhis akapangusa mikono, akaniuliza mimi, si mtu mwingine, "Nani bado?"

Niliangalia ukuta. "Baba Marvin."

Hakufunga. Hakuna fundi aliyeondoka. Baba na Oketch walikuwa wameshavaa koti kwenda kumwangalia tuliposikia magongo barabarani na Jeconia akimgombeza mtu wa baiskeli ampishe. Mama Adhis akamwaga chai iliyopoa, akamtilia nyingine ya moto.